Ndugu Waliofutwa

Tanga, Alhamisi usiku

Mwanangu Saida,

Goti la bibi yako limetulia, na mwembe wa uani umezaa hadi tunagawa kwa majirani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mmeonyeshwa filamu ya Malcolm X hapo chuoni, umelia, na kwamba sasa Malcolm unamjua, kwa hiyo kile kitabu cha tawasifu yake nilichokuwa nikikuhimiza ukisome tangu ukiwa kidato cha nne huna haja nacho tena. Hilo, mwanangu, siwezi kulijibu kwa simu. Nimetafuta kalamu.

Kwanza ujue kwamba nami niliilia filamu ile. Niliiona kwa mkanda wa video, katikati ya miaka ya 90, sebuleni kwa jirani, tumebanana watoto kwa wazee. Ilipofika Makka, chumba kizima kilinyamaza. Kikosi cha wapiga picha Waislamu kilikuwa kimepewa ruhusa ya kuingia na kamera katika mji ule, ruhusa ambayo filamu ya hadithi kutoka Marekani haikuwahi kupewa kabla ya hapo. Na Denzel Washington, aliyeigiza Malcolm! Alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar na hakuipata. Mimi mpaka leo naona alidhulumiwa.

Spike Lee, mwongozaji wake, naye aliitolea jasho kazi ile. Fedha zilipokwisha kabla filamu haijakamilika, alikwenda kuwaomba watu weusi wenye uwezo, akina Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Prince, Tracy Chapman, nao wakachangia bila kudai kurudishiwa. Ndiyo maana ilipotoka mwaka 1992 ilibaki na urefu wake wa zaidi ya saa tatu. Kuna na jambo jingine la kumheshimu nalo. Mwaka 1966 watu watatu walihukumiwa kwa mauaji ya Malcolm. Mmoja wao, Talmadge Hayer, alikiri, na tangu hapo alisema wale wawili wengine hawakuhusika. Lee hakuwaweka wawili hao katika tukio la mauaji. Mahakama ya New York ilizifuta hukumu zao Novemba 2021, na mmoja wao, Khalil Islam, alikuwa amekwisha kufariki tangu 2009. Filamu ilitangulia mahakama kwa miaka 29.

Kwa hiyo sikuandikii kuibomoa. Nakuandikia juu ya watu ambao hukuwaona, kwa kuwa hawamo.

Rudi pale gerezani. Anatokea mfungwa mwenzake aitwaye Baines, mtu wa heshima na maneno ya taratibu. Anamkemea kwa kuweka dawa nywele, anamfungulia kamusi, anampa dini. Ukimtazama unasema, laiti kila kijana aliyepotea angekutana na mtu kama huyu. Lakini Baines hakupata kuishi. Watengenezaji wa filamu walimuunda kwa kuchanganya watu kadhaa. Katika kitabu, waliomfikishia Malcolm dini ile ni ndugu zake, na waliifikisha kwa barua.

Kaka yake Philbert ndiye aliyeanza kumwandikia kwamba wamepata dini ya kweli ya mtu mweusi, na Malcolm akamjibu vibaya. Kisha akaandika mdogo wao, Reginald. Huyu aliijua akili ya kaka yake, maana waliwahi kuishi wote mjini wakati wa utundu. Hakuanza na mahubiri. Alimwambia tu aache nyama ya nguruwe na sigara, naye atamwonyesha njia ya kutoka gerezani. Malcolm akadhani ni ujanja mpya wa kuwahadaa wakubwa wa gereza, akaacha vyote viwili. Dada yake Hilda alifunga safari kwenda kumweleza mafundisho yenyewe uso kwa uso. Na Ella, dada yao wa baba mmoja aliyeishi Boston, alihangaika huku na huku mpaka akahamishiwa gereza la Norfolk, ambalo lilikuwa na maktaba ya maana.

Na kamusi? Katika filamu Baines anamfungulia ukurasa na kumwonyesha jinsi maneno "nyeusi" na "nyeupe" yalivyofafanuliwa. Tukio lile lina nguvu, sikatai. Ila kitabuni Malcolm anakwenda kwenye kamusi kwa sababu iliyo karibu zaidi na maisha yangu na yako: alitaka kuandika barua, na maneno yakawa hayamtoshi. Aliyeitawala mitaa kwa ulimi wake alishindwa kupanga sentensi kwenye karatasi. Akaomba kamusi, daftari na penseli, akaanza kunakili ukurasa wa kwanza, kila neno na kila nukta. Anasema neno alilolikumbuka vizuri kutoka ukurasa ule ni jina la mnyama wa Afrika achimbaye mashimo na kula mchwa. Mnyama huyo sisi tunamwita mhanga. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Yeye hakuwa na njia ya kujua kwamba katika lugha yetu neno hilohilo ndilo tunalomwambia nalo mtu aliyeitoa nafsi yake.

Najua utaniambia filamu ina taratibu zake, ndizo unazosomea. Bahasha haiwezi kupewa uso. Mtu mmoja kama Baines humfikisha mtazamaji upesi kuliko kaka na dada wanne waliotawanyika miji mbalimbali. Nakubali. Lakini angalia gharama yake. Anayebaki ni mtu asiye na kwao, aliyeokolewa na mgeni, na hatimaye akasalitiwa na mgeni huyohuyo, maana Baines baadaye anageuka kuwa mwenye husuda. Hadithi ya ndugu waliokataa kumwacha mwenzao inakuwa hadithi ya mwalimu na mwanafunzi.

Baba yako alipokuwa bweni kule Tabora, mwaka aliotaka kuacha shule, hakuokolewa na mwalimu. Sisi dada zake tulipeana zamu, kila wiki mmoja anaandika. Barua zile anazo hadi leo kwenye sanduku la bati. Muulize.

Kuhusu Ella kuna jambo jingine. Malcolm alipoamua kwenda Hija mwaka 1964, baada ya kuachana na Elijah Muhammad, kiongozi wa dini ile aliyoipata gerezani, hakuwa na fedha. Alikwenda kwa Ella. Ella alikuwa akijiwekea akiba ya Hija yake mwenyewe, naye akaona ni muhimu zaidi aende Malcolm. Hebu fikiri: picha zote zile za Makka zilizotuliza, Kaaba, maelfu ya mahujaji, safari ile ililipwa na akiba ya mwanamke ambaye katika filamu hayupo.

Mama yao naye unamwona, lakini unamwona akivunjika tu. Louise alizaliwa Grenada, alikuwa msomi, na aliliandikia gazeti la Marcus Garvey, Negro World. Baada ya mumewe kufariki mwaka 1931 na watu wa ustawi wa jamii kuanza kuwachukua watoto, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kalamazoo, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Hapa silaumu filamu peke yake. Kitabu chenyewe kinampita mama huyu haraka.

Ndiyo maana nataka na kitabu ukisome kwa macho makavu. Tawasifu ile inasema "mimi" tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kalamu ilikuwa ya Alex Haley, mwandishi aliyetumikia miaka 20 katika kikosi cha walinzi wa pwani wa Marekani, na ambaye siasa zake zilikuwa mbali na za Malcolm. Walianza mwaka 1963. Malcolm alikuwa akifika usiku kwenye chumba cha kazi cha Haley, New York, amechoka, na kwa muda mrefu hakusema lolote ila sifa za Elijah Muhammad. Haley akagundua kwamba huku anazungumza huandika vijineno kwenye chochote kilicho karibu, akawa anamwekea karatasi za kufutia mikono pembeni ya kahawa, kisha anazikusanya. Usiku mmoja akamuuliza juu ya mama yake. Malcolm akaanza kutembea chumbani huku na huku, akazungumza hadi alfajiri. Kitabu kilizaliwa usiku ule.

Wakiwa katikati ya kazi, Malcolm akaachana na chama cha Elijah Muhammad. Akataka kurudi nyuma, kuzirekebisha sura ambamo alimsifu Elijah Muhammad kama baba. Haley akamsihi aziache, msomaji asije akaujua mwisho kabla ya kufika. Malcolm alifikiri, akakubali. Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio roho ya kitabu kile. Tunamsoma mtu anayependa, tukijua tayari kwamba atadanganywa, naye kwenye ukurasa ule hajui. Hakuna mwongozaji wa filamu aliyewahi kuipata hali hiyo kwa kamera.

Lakini kina na mapungufu yake. Manning Marable, aliyeandika wasifu mkubwa wa Malcolm uliotoka 2011, alionyesha kwamba yale maisha ya uhalifu mjini Harlem yametiwa chumvi. Mwenye kutubu huikuza dhambi yake ili rehema ionekane kubwa, na filamu ikaichukua chumvi ile na kuipigia muziki kwa karibu saa nzima. Na ule mshtuko wa kukuta Waislamu weupe huko Makka: Malcolm alikwisha kufika Misri na Saudia mwaka 1959. Badiliko lake lilikuwa la kweli, ila lilikuja polepole, kama maji yanavyojaa, na kitabu kimelifanya radi. Hata kutoka kwa kitabu chenyewe kulikuwa kwa shida. Malcolm aliuawa 21 Februari 1965. Wachapishaji waliokuwa na mkataba, Doubleday, wakauvunja wiki chache baadaye, na Grove Press ndio waliokitoa mwaka huohuo. Sura moja iliyoachwa nje ilikaa mikononi mwa watu binafsi hadi kituo cha Schomburg cha Harlem kilipoinunua mwaka 2018.

Sasa nifike kwenye linalonikera zaidi. Katika mwaka wake wa mwisho Malcolm alikaa nje ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Julai 1964 alikuwa Cairo kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akiwaomba marais walipeleke suala la weusi wa Marekani Umoja wa Mataifa, kama suala la haki za binadamu. Oktoba alikuwa kwetu. Alifika Nairobi, akafika Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere, akasafiri ndege moja na Kenyatta na Obote. Nairobi ndiko alikokutana na John Lewis na mwenzake wa SNCC, vijana wa harakati za kusini mwa Marekani, wakazungumza ana kwa ana mbali na kwao. Kitabu kinawataja viongozi hao kwa mistari michache. Filamu haina hata picha moja ya safari hiyo. Kutoka Makka inakimbilia kifo.

Mtu aliyekuwa akijenga daraja kati ya Harlem na Dar es Salaam anaonyeshwa kama mtu aliyekuwa akisubiri kufa. Hapo ndipo ninapokosana na Spike Lee, na sitapatana naye.

Ajabu ni kwamba Afrika inatokea mwishoni kabisa. Umemwona Mandela darasani Soweto, anawasomea watoto maneno ya Malcolm. Ulitambua kwamba hakuyamalizia? Yale ya mwisho, kuhusu kutumia njia yoyote itakayohitajika, alikataa kuyatamka, kwa kuchelea serikali ya makaburu isije ikayatumia dhidi yake. Lee akamalizia kwa picha ya zamani ya Malcolm mwenyewe akiyasema. Mandela alijua kamera inaweza kumfanya mtu nini. Alichagua yeye mwenyewe nini kiingie na nini kibaki nje. Malcolm hakupata nafasi hiyo, si kwenye filamu, na kwenye kitabu aliipata nusu.

Kwa kuwa unasomea kazi ya kamera, nikupe tukio moja ambalo sijaliona katika filamu yoyote. Ni tarehe 13 Desemba 1964, Harlem, ukumbi wa Audubon. Malcolm anamkaribisha jukwaani Abdulrahman Babu, Mzanzibari, waziri wa serikali yetu changa, aje awaeleze watu wa Harlem habari za mapinduzi na za Afrika. Ukumbi huohuo, wiki kumi baadaye, ndimo Malcolm alimopigwa risasi mbele ya mkewe na binti zake.

Kitabu nimemkabidhi mtoto wa jirani anayepanda basi la Jumamosi asubuhi, mpokee stendi. Anza na sura ya 10 na ya 11, zile za gerezani, kisha ndiyo urudi mwanzo. Ukimaliza usinitumie sauti. Niandikie.

Shangazi yako,
Mwanaidi