Liemba Ilitutoa Kagunga

Mimi ni mtu wa Rumonge, Burundi. Mwaka 2015, machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipopamba moto, mimi na mama tulikimbilia Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Barabara haikuwapo. Maelfu tulirundikana ufukweni, maji ya kunywa ni yale yale ya kufulia. Mwezi Mei kipindupindu kikaingia, watu wakafa. Mama alianza kuhara usiku. Kulipokucha macho yalikuwa yamedidimia, na ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama.

Kisha ikaja meli ya Liemba. Ilitia nanga mbali kidogo, maana Kagunga hakukuwa na gati, tukapelekwa kwa boti. Ubavuni mwa meli pana mlango: baharia mmoja alimshika mama makwapani, mwingine miguu, wakamwingiza. Ilikuwa ikibeba watu kama 600 kwa safari. Nilimnywesha maji ya ORS kijiko kwa kijiko, kwa muda wa saa tatu hivi, mpaka Kigoma.

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nilitaka kujua habari za meli iliyotubeba. Kumbe iliwahi kuwa meli ya vita. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika masanduku 5,000. Vibarua wa Kiafrika na Wahindi waliiunga Kigoma, ikashushwa majini Februari 1915. Ilibeba askari na shehena zao, ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg iliyoangamia Rufiji. Kazi ya wakoloni ile, na damu yake naijua. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaikimbia Kigoma waliizamisha wenyewe.

Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliotoka nayo Papenburg waliipaka mitambo grisi nzito. Hapo ndipo ninaposimama kila nikisimulia. Adui yuko njiani, muda umekwisha, nao wanapaka grisi, chuma kwa chuma. Mama naye, siku tuliyotoka Rumonge, risasi zinasikika, alirudi kufunga mlango kwa kufuli, akaukaza ufunguo kwenye pindo la kitenge. Nilimfokea. Ufunguo huo anao hadi leo.

Wabelgiji waliiibua meli, ikazama tena. Waingereza waliitoa 1924, na mitambo ikakutwa bado inafaa. 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Miaka ya tisini iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo, halafu zamu yetu ikafika.

Mama alipona. Nawashukuru wenye boti wa Kagunga, na mabaharia wale wawili ambao sikupata hata kuwauliza majina. Nawashukuru vibarua walioiunga. Na mafundi wa grisi pia, ingawa hawakuwa wakitufikiria sisi, nawashukuru kwa moyo wangu wote.