Mchanga Mbele ya Uzio

Mara nyingi twasema: “Wakubwa wameshaamua, sisi ni nani?” Neno hilo latupa usingizi, lakini halituondolei wajibu.

Juma hili tutafakari habari za Oregon, jimbo la Marekani linalopakana na Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1913 sheria iliufanya ufuko unaofunikwa maji yajaapo kuwa njia ya umma. Mchanga mkavu wa juu yake haukutajwa. Watu waliutumia kwa mazoea tu. Mwaka 1966, huko Cannon Beach, mwenye nyumba ya wageni aliuzungushia uzio, akautenga kwa wateja wake.

Mwaka uliofuata, mswada wa kuuhifadhi mchanga huo ulikwama katika kamati ya bunge la jimbo. Ndipo wananchi wa kawaida walipowaandikia wabunge barua na kuwapigia simu kwa wingi, hata mswada ukafufuka. Tarehe 6 Julai 1967 Gavana Tom McCall aliutia saini.

Tuzingatie jambo moja: sheria ile haikumnyang’anya mtu hati yake. Ililinda haki ya watu wote kupita, kucheza na kupumzika pale walipozoea.

Nasi tujiulize: uwanja wanapocheza watoto wetu, au njia ya kwenda ufukoni, ikizibwa kesho, nani atakuwa amemwandikia diwani au mbunge? Tuandike kwa heshima na kwa ukweli, mapema. Barua moja ni ndogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.