Hata Datsun Kuukuu Hupumua

Datsun 160J yangu ilipoanza kudondosha oili na kutoa moshi wa samawati, fundi mmoja hapa Kyumbi alinishauri nitafute pesa za kufungua injini yote. Pesa nilizokuwa nazo zilikuwa karo ya watoto. Nikamwambia angoje. Hili ni gari la ukoo ule uliompa Shekhar Mehta ushindi wa Safari Rally mfululizo, 1979 hadi 1982, haliuawi ovyo!

Kila injini huvujisha gesi kidogo kupita pete za pistoni hadi penye krenki. Valvu ndogo, kama kidole gumba, huiachia gesi hiyo ivutwe irudi ikachomwe. Magari mapya ya California, Marekani, yalianza kuwekewa mwaka 1961 kupunguza uchafuzi wa hewa. Ikizibwa na masizi, gesi husukuma oili nje kupitia sili, na nyingine hupanda hadi kwenye chujio cha hewa, ikaungua. Ndio ule moshi.

Injini ikiwa inanguruma polepole, chomoa mpira wa valvu, uzibe tundu kwa kidole. Usipohisi kuvutwa, imeziba. Ifungue uitikise, nzima hulia kama njugu. Yangu ilikuwa bubu hata baada ya kuoshwa kwa petroli, nikanunua mpya. Karo ikaenda shuleni.

Moshi ukiendelea hata hivyo, hapo fundi ana haki ya kutaja pete. Na mpira uliopasuka usibadilishwe kwa ule wa maji: oili huulainisha, ukajibana.