Grisi Iliyoganda

Tulikuwa wachungaji wawili kutoka Iringa, wageni wa usharika rafiki huko Minnesota, na kwa mwaka mzima tulikuwa hatujazungumza jambo lolote la maana. Salamu tulipeana. Tuliitana "mtumishi", tukashikana mikono mbele ya washarika, hata kuombeana hadharani. Lakini tangu mtaa mmoja ulipohamishwa kutoka usharika wa mmoja wetu kwenda kwa mwenzake, mlango ulikuwa umefungwa. Nani alikuwa na haki hatutasema, maana mpaka leo kila mmoja ana lake.

Siku ya tatu theluji ilianguka, ratiba ikavunjika. Mwenyeji wetu, mzee mgane, akatuteremsha kwenye chumba kilicho chini ya nyumba yake. Humo kulikuwa na meza kubwa kuliko altare zetu, na juu yake reli ndogo zikizunguka nyumba za kuchezea. Iringa mjini reli haifiki. Treni tuliyoijua sisi ni ya TAZARA, kule Makambako. Hii ilikuwa ya Lionel, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1900, na mzee alikuwa amepewa na baba yake utotoni.

Treni yenyewe ilikwenda vizuri. Kilichokufa ni mashine ya kupakia makaa ya mawe, namba 397, iliyotengenezwa kati ya 1948 na 1957. Unamwaga makaa ya kuigiza kwenye trei, mota inaitikisa, makaa yanasogea hadi kwenye mkanda wa mpira, nao unayapandisha na kuyaangusha ndani ya behewa. Sasa ukiiwasha ilinguruma tu. Mikono ya mzee ilikuwa inatetemeka, hivyo akatukabidhi sisi bisibisi.

Tulichomoa waya wa umeme, tukaifungua tukitarajia kukuta kitu kimevunjika. Hakuna kilichovunjika. Grisi kwenye gia ilikuwa imegeuka kama gundi ya fundi viatu, ya kahawia na ngumu. Mzee akasema ndivyo zilivyo mashine hizi: nyingi hufa kwa kukaa kuliko kwa kutumika. Grisi iliyowekwa ili gia zisisagane ndiyo iliyozishika.

Hapo tulinyamaza wote wawili. Katekisimu Ndogo tumeifundisha miaka mingi, na maelezo ya amri ya nane yanatutaka tumtetee jirani na kumsema vema. Sisi tulidhani tunaitimiza kwa kutotajana kabisa. Hatukusengenyana hata siku moja, na kimoyomoyo tulijisifu kwa hilo.

Kazi ile inataka mikono minne: mmoja ashike mota, mwingine akwangue kwa kijiti cha meno na pamba yenye spiriti. Haiwezekani kuifanya kimya. "Shika hapo." "Geuza kidogo." "Pole, nimekuchoma." Tulisafisha kaboni mbili za mota na sahani ya shaba inayoguswa nazo, mpaka shaba ikang'aa. Kisha mmoja wetu akaharibu. Alimimina mafuta kama anayelainisha cherehani ya mama yake, yakachuruzika hadi kwenye kaboni, na tulipowasha ukatoka moshi. Mzee alicheka sana. Tone moja tu, akasema, tena kwenye ekseli. Tukaanza upya, spiriti na pamba, saa nzima.

Safari hii trei ilitikisika, na punje za kwanza zikaanza kupanda mkanda. Katika kelele ile mmoja wetu aliuliza, bila kuinua macho:

"Na wale wa mtaani, paa walimaliza?"

"Hawakumaliza. Ungeniuliza mwaka jana ningekuambia."

"Mwaka jana ungenijibu?"

Jibu halikuja haraka. Lilipokuja lilikuwa refu, na la mwenzake refu zaidi. Sauti zilipanda. Yalisemwa maneno ambayo hayafai kuandikwa humu, na mengine tuliyopaswa kuyasema siku ileile mtaa ulipohamishwa. Mzee, asiyejua Kiswahili hata kidogo, akapanda juu kutengeneza kahawa na akakawia makusudi.

Aliporudi na vikombe, behewa lilikuwa limejaa na makaa yalikuwa yakimwagika mezani, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekumbuka kuzima.