Turubai la Mjomba

Nilipokuwa na umri wa miaka 12, mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua iliyochukua nafaka toka Pangani kwenda Mkokotoni, Unguja. Mizigo ilifunikwa kwa turubai nene la pamba, nami nilipewa kazi ya kulitunza. Kila tuliporudi mjomba aliniagiza, "Mwanangu, lisuuze kwa maji ya kisima, ulianike mpaka likauke, ndipo ulikunje."

Siku moja, katika mwezi wa Novemba, wenzangu walikuwa wakicheza mpira ufukoni. Nikalikunja turubai lingali bichi, lina chumvi ya bahari, nikalisukumia tezini. Mjomba aliponiuliza, nikajibu, "Tayari, mjomba." Likakaa hivyo siku kumi.

Hata siku ya safari tulipolikunjua, lilinuka vibaya, na madoa meusi yameenea kila mahali. Tulipokuwa katikati ya njia mvua ya vuli ikatushukia. Maji yakapenya palipooza, magunia 6 ya mahindi yakalowa, nayo yalikuwa mali ya mjane mmoja wa Pangani. Nikaungama kosa langu. Mjomba hakunipiga wala hakunikaripia. Alimlipa mama yule kwa ujira wake wa safari ile, na nyumbani tukala mihogo mitupu kwa siku nyingi. Jambo hilo liliniuma kuliko fimbo.

Baadaye akaniita, akasema, "Chumvi huvuta unyevu wa hewa, penye unyevu kuvu huota, nayo hula nyuzi za pamba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, tujenge."

Kwanza tulilisugua turubai kwa brashi laini, sabuni kidogo na maji baridi, kwa maana brashi ngumu hukata nyuzi. Tukalisuuza mara tatu, tukalianika. Palipooza tukapakata na kutia kiraka, tukakishona kwa uzi uliopakwa nta. Lilipokauka kabisa, mjomba akatia nta ya nyuki katika mkebe, na mkebe akauweka ndani ya sufuria ya maji ya moto.

Nikamwuliza, "Mjomba, mbona huuweki juu ya moto?"

Akajibu, "Nta ikipata moto mwingi huwaka."

Nilipokuwa mkubwa nikajifunza maana yake: nta huyeyuka kwa joto la digrii 63 hivi, na maji huchemka kwa digrii 100, basi nta iliyo ndani ya maji huyeyuka bila kuungua. Tuliipaka nyembamba, kisha tukapitisha pasi ya makaa isiyo na moto mkali, ili nyuzi ziinywe. Mwisho mjomba akamwaga kata ya maji juu yake. Yakateleza kama mvua juu ya jani la myugwa.

Siku hizi maturubai mengi ni ya plastiki, wala hayaozi kama pamba. Lakini la pamba bado lataka kazi ileile.

Safari iliyofuata yule mjane alileta magunia yake tena. Alilipapasa turubai kwa kiganja, akanitazama, akauliza, "Ni kavu, mwanangu?"

Sikujibu mara moja. Nilifunua kila pindo, nikaligusa kwa mkono wangu mwenyewe, ndipo nikasema, "Ni kavu, mama."