Wale Ishirini

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Nikijaza fomu yoyote, kazi yangu naandika uandishi. Ila kodi ya nyumba mwaka jana ililipwa na grafu. Kampuni moja ndogo ya malipo ilinipa kibarua cha usiku: tazama skrini, mambo yakiharibika amsha injinia.

Duka likidai malipo, programu yake hutuma ombi kwa seva, kisha hungoja jibu. Nilikuwa nachunga mambo mawili tu, muda wa jibu na idadi ya maombi yanayofeli. Hilo la pili lina ujanja wake. Seva inaweza kurudisha 200, yaani kila kitu shwari, na ndani ya jibu hilohilo imeandikwa malipo yamekataliwa. Ukihesabu 200 pekee, umedanganywa.

Usiku mmoja, baada ya toleo jipya kuwekwa, nilimpigia injinia.

"Wastani uko poa, buda. Lala."

Wastani! Sisi tuliosomea Kenya tumepimwa kwa neno hilo tangu utotoni. Hebu chukua maombi 1,000. 980 yajibiwe kwa milisekunde 200, yale 20 yakwame sekunde 9. Wastani ni milisekunde 376, hata nusu sekunde haijatimia. Ndiyo maana majibu hupangwa kuanzia la haraka hadi la polepole, kisha unaangalia lililo nafasi ya 99 katika kila 100. Hapo ndipo zile sekunde 9 hujianika.

Mamangu anauza omena sokoni na hajui grafu ni nini. Kwake sekunde 9 ni mteja anayebonyeza tena, anakatwa mara mbili, halafu anamwita mama mwizi mbele ya majirani. Mama husema, "Simu yenu inafikiria sana."

Kwa hivyo sikulala. Nilichukua saa ileile ya wiki iliyotangulia (kulinganisha usiku na saa ya jioni, watu wakifunga maduka, ni kujisumbua), nikaweka mistari miwili pamoja, nikamtumia picha. Alikaa kimya. Kisha: "Aisee."

Akarudisha toleo la zamani. Dakika chache baadaye mstari wa 99 ulishuka. Ule wa wastani ulishuka pia, kidogo tu, kama mtu anayeshusha mabega.