Watoto wa Malakisi na Lugha ya Kijapani



Jamaa zetu wa Mombasa na Lamu wanapotupigia simu huku bara, aghalabu huanza kwa kuuliza habari za mvua na bei ya mahindi. Mwezi huu wameanza kwingine. Wamesikia kwamba watoto wa Malakisi wameshindana kuhutubu na kuigiza kwa Kijapani, na kwamba ni sisi tulioyaandaa mashindano hayo. Wapo waliocheka, na wapo waliouliza kwa wasiwasi kama sasa tumewaachia watoto Kiarabu chao wakashike ya watu wasiowajua. Tumeona ni heri tuandike mara moja, tusije tukajibu kila simu peke yake.

Sisi ni akina mama saba. Watano tuna asili ya pwani, tukaletwa huku na ndoa au na kazi ya ualimu, na wawili ni wenyeji wa Mumias, mji ambao Uislamu uliufikia pamoja na misafara ya Waswahili katika enzi za Nabongo Mumia. Malakisi ni mji mdogo wa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Mtoto wa hapa husikia Kibukusu nyumbani, Kisabaoti au Kiteso kwa jirani, Kiswahili sokoni, Kiingereza darasani na Kiarabu madrasa. Kwa hiyo lugha ya sita haikumtisha mtoto yeyote. Waliotishika walikuwa ni wazazi.

Kijapani chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Vijana wa Kijapani wa kujitolea wamekuwa wakija Kenya tangu 1966, wengi wao kufundisha hisabati na sayansi, na baadhi ya vyuo vikuu vyetu vinaisomesha lugha yao. Mwalimu mmoja aliyeisoma chuoni alihamishiwa huku, akaanzisha kikundi baada ya masomo. Wanafunzi wakagundua upesi jambo ambalo Mswahili hulifurahia: irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi nyingi hukomea kwenye irabu kama zetu. Mtoto anayesoma kwa Kiswahili huyatamka maneno yao bila ulimi kujikwaa. Kisha kuna vichekesho. *Nani* kwao ni "nini", *hana* ni ua, na *mimi* ni sikio. Wiki nzima watoto walizunguka kijijini wakigusa masikio na kusema, "Mimi! Mimi!"

Maandishi ndiyo kazi. Herufi za hiragana ni 46 za msingi, za katakana ni 46 nyingine, na juu yake kuna kanji, ambazo mtoto wa Japani hufundishwa 1,026 katika shule ya msingi pekee. Mtoto aliyezoea kushika kalamu ya madrasa, akajua kwamba nukta hugeuza ba ikawa ta, hana haja ya kuelezwa kwa nini mstari mfupi una maana. Mwalimu alituambia kuwa wanafunzi wake wenye mwandiko safi walikuwa wale waliopitia ubao wa chuoni. Tulifurahi, ingawa hatukushangaa.

Nairobi, kituo cha utamaduni cha Ubalozi wa Japani na chama cha walimu wa Kijapani huandaa mashindano ya hotuba. Mwalimu alitaka watoto wake wafike huko siku moja, lakini kwanza wajipime nyumbani. Akatujia kwa kuwa alijua tunaandaa Maulidi ya madrasa kila mwaka, na mwenye kuweza kulisha watu wa Maulidi anaweza kulisha watu wa Kijapani. Shule nne zikakubali, mbili za Malakisi, moja ya Bungoma na moja ya Kitale.

Sasa ndipo lilipozuka jambo la kuinama.

Katika mashindano ya Kijapani, mzungumzaji hupanda jukwaani, huinama kwa waamuzi, huhutubu, kisha huinama tena. Ni adabu yao, kama mtoto wetu anavyosema shikamoo kabla ya kufungua kinywa kwa jambo lolote. Hawakusudii ibada hata kidogo. Hata hivyo, baba mmoja, ambaye binti yake alikuwa hodari kuliko wote, alikuja nyumbani kwetu magharibi, akakataa kuketi, akasema: "Binti yangu harukui mbele ya binadamu. Kama ndiyo sharti, mfuteni jina."

Wapo waliomwona mshupavu. Sisi hatukumwona hivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa kuhusu mtu kumwinamia nduguye anapokutana naye, akakataza, na wanavyuoni wengi wameshikilia hapo. Mzazi anayelijua hilo akalinyamazia kwa ajili ya kombe la plastiki, huyo ndiye wa kutiliwa shaka. Lakini pia hatukutaka binti aliyekesha miezi mitano afutwe jina kwa jambo lenye njia ya kutoka.

Tulimwendea imamu. Alitusikiliza, akauliza swali moja tu: je, huko kwao mgeni asiyeinama huhesabiwa mjeuri? Mwalimu akajibu kuwa Wajapani hawamtarajii mgeni aijue kila desturi yao, na kwamba mtu akitulia, akaweka mkono kifuani na kutikisa kichwa kidogo kwa tabasamu, heshima imeeleweka. Imamu akasema basi na iwe hivyo kwa Waislamu, na wasio Waislamu wafanye kama wanavyofundishwa. Tuliliandika katika kanuni, kifungu cha pili, kwamba namna ya kutoa heshima haina alama. Waamuzi waliisoma kabla ya siku yenyewe, na mmoja wao akasema ingekuwa vyema mashindano mengine nayo yaandike hivyo.

Kuna waliotuuliza dalili ya kusoma lugha ya wasio Waislamu. Hatukuitumia ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata China, kwa sababu wajuzi wa hadithi wameidhoofisha, na hoja njema haijengwi juu ya nguzo mbovu. Tulimtaja Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyeamrishwa na Mtume kujifunza maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda usiotimia mwezi. Hiyo ilitosha.

Sehemu ya maonyesho ilikuwa na mtihani wake. Shule moja ilileta ngoma ya kucheza wasichana na wavulana pamoja, kwa kimono zilizoshonwa kwa mapazia. Hatukuwakataza, kwani shule si yetu wala watoto wote si wa dini yetu. Ila wasichana wetu walihitaji kitu chao, na mwalimu akatuonyesha kamishibai. Ni hadithi ya picha. Karatasi kubwa zilizochorwa hupangwa ndani ya kijisanduku cha mbao, msimulizi husimama kando yake, huvuta karatasi moja moja huku akisimulia. Zamani wasimulizi wake walizunguka mitaani kwa baiskeli wakiwauzia watoto peremende. Seremala wa hapa alitutengenezea sanduku kwa mbao za kreti ya soda.

Wasichana wakachagua Abunuwasi na sufuria iliyozaa. Wasomaji wetu wote wanaijua, kwa hiyo hatuna haja ya kuisimulia. Walipofika pale sufuria inapofariki, ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, hata bibi wasiojua neno la Kijapani, kwa sababu picha ya jirani aliyeduwaa ilichorwa ikafanana mno na mwenye duka wa njia panda. Mwalimu alituambia Wajapani nao wana mwerevu wao, mtoto mtawa aitwaye Ikkyu, anayewashinda wakubwa kwa majibu ya namna hiyo hiyo. Tunadhani wangeelewana na Abunuwasi, ila wasingeazimana vyombo.

Hotuba zilikuwa kumi na nne, kila moja dakika nne, bila karatasi. Si zote zilikuwa nzuri. Nyingi zilisifu maua ya mcheri ambayo msemaji hajayaona, na treni ya mwendo kasi ambayo hajaipanda. Tutazitaja mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mvulana wa Kitale, juu ya msikiti wa Kobe. Ulijengwa 1935, na ndio wa kwanza nchini Japani. Mabomu ya vita yaliuteketeza mji ule 1945 na msikiti ukabaki. Tetemeko kubwa la 1995 likaangusha majengo mengi mjini, msikiti ukabaki tena. Wengi wetu tulikuwa hatujui kuwa kuna adhana Japani kwa muda wote huo. Kijana alisema anataka kuwa mhandisi ajue kwa nini jengo lile halikuanguka. Mzee mmoja akanong'ona nyuma yetu kuwa sababu inajulikana. Mwingine akamjibu kuwa saruji nayo ni katika sababu alizoziumba Mwenyezi Mungu.

Ya pili ilikuwa ya binti wa yule baba. Alipanda na hijabu yake nyeupe, akaweka mkono kifuani, akasubiri kimya kiingie. Neno lake lilikuwa *mottainai*. Wajapani hulisema wanapoona kitu chenye thamani kikipotezwa. Profesa Wangari Maathai alilisikia alipozuru Japani 2005, akalipenda, akalitembeza duniani kote. Binti alisema sisi tunalo neno letu, israfu, tunalifundishwa tangu udogoni, kisha tunaliacha mlangoni mwa madrasa. Halafu akaigeukia Malakisi. Huku wakulima wengi wamelima tumbaku kwa miaka mingi, na tumbaku ya kukaushwa kwa moto hula kuni. Alisema alipokuwa mdogo aliokota kuni nyuma ya nyumba, sasa mama yake hutembea nusu saa. Akaeleza jinsi wanavyokesha kulinda moto wa banda, wasilale mpaka jani ligeuke rangi, na kwamba karo yake yeye mwenyewe imetoka katika moto ule. "Mottainai," akasema, na hakuongeza neno.

Baba yake hajui Kijapani. Lakini alilijua neno *tabako*, kwa kuwa Wajapani nao huliita hivyo, na alimjua mwanawe. Alikuwa ameketi safu ya tatu, amekunja mikono.

Kisha yakaja maswali ya waamuzi, na hapa ndipo hotuba na kukariri hutengana. Vijana watatu waliohutubu kama maji walikwama kwenye swali jepesi. Binti aliulizwa: ikiwa karo inatoka katika tumbaku, je, unataka baba aache kulima? Alinyamaza kwa muda ambao sisi tuliuona mrefu sana. Akajibu kwa sentensi fupi zilizovunjikavunjika, ambazo mwalimu alitufasiria baadaye: "Sijui. Baba anafanya kazi sana. Nataka tupande miti kwanza. Halafu tuzungumze." Waamuzi walimpa nafasi ya kwanza kwa jibu hilo kuliko kwa hotuba.

Tulisimama kwa Adhuhuri saa sita na dakika arobaini. Ndugu zetu wa pwani mmekuwa mmeshamaliza, jua likiwatangulia nyinyi kwa kama dakika ishirini. Ratiba iliachia muda huo tangu mwanzo, na wageni wasio Waislamu walikunywa chai wakingoja. Pilau ilitosha, na mvua ilisubiri mpaka masufuria yakasuguliwa.

Limebaki jambo moja tunalowaombea wazazi walizingatie. Siku chache kabla, bwana mmoja alitujia akitaka meza mlangoni, aandikishe vijana "wa kupelekwa Japani" kwa ada ya kujiandikisha. Tulimnyima. Nyumba kadhaa huku na huko pwani zinajua binti anavyoweza kusafirishwa kwa maneno matamu. Basi mjue haya. Tangu Aprili 2019 Japani inatoa ruhusa ya kazi kwa wageni wenye ujuzi maalumu, lakini mwombaji hupimwa ujuzi wa kazi hiyo, na hupimwa lugha kwa kiwango cha N4 au mtihani ulio sawa nacho. Viwango ni vitano, N5 ni cha chini, N1 ni cha juu. Watoto wetu waliohutubu vizuri hivi wengi hawajavuka N5. Hakuna risiti inayomvusha mtu. Wanaotaka kusoma, ufadhili wa serikali ya Japani huombwa kupitia ubalozi na kuomba hakulipiwi. Anayedai pesa za fomu hiyo anajiombea mwenyewe.

Binti sasa anajiandaa kwa Nairobi. Baba yake amekubali kwa masharti mawili: mama yake amsindikize, na kanuni ya kuinama iulizwe mapema huko kama ilivyoulizwa huku. Barua imekwisha kuandikwa. Nauli ya watu wawili tumekwisha kuipata nusu, jamaa wa Pangani wamekubali kuwapokea, na mama ameomba wasafiri kwa basi la mchana, kwa kuwa msimu wa kukausha umeanza na usiku wa kabla ya safari ni zamu yake kulinda moto.